Baruti ya Kopo Jekundu

Kirkelie, North Dakota
8 Machi 1987

Mjomba Halvor,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Idaho. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii, na mara zote umenyanyua, ukauliza "Nani? Nani?" kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, kisha ukakata. Basi nimerudi kwenye kalamu. Wewe umepiga risasi miaka yote hiyo bila kuziba masikio, na sasa sisi jamaa zako ndio tunaopata taabu.

Hapa hatujambo kwa kiasi chetu. Duane mgongo unamuuma na ananificha mimi mkewe. Anadhani simwoni akishika ukuta anapovaa viatu. Ndama tisa wamezaliwa, mmoja baridi imemchukua. Theluji bado imefika dirisha la jikoni.

Mama yuko kwenye kile chumba cha mawe makaburini, pamoja na maiti wengine wawili wa majira haya, wakingoja ardhi iyeyuke ndipo wachimbiwe. Mchungaji amepanga tarehe kumi na sita Mei. Kwenye ibada ya Januari tulikuwekea kiti mbele. Silaumu. Nasema tu kwamba kilikuwepo, na mwishowe watu wakaweka makoti juu yake. Miaka mitatu mama hakunijua mimi mwanawe, lakini jina lako alilitaja mpaka wiki ya mwisho.

Sasa shida yangu. Novemba farasi aliniangusha nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na daktari amekiunga kwa vyuma. Rivolva ya baba siiwezi tena. Nikipiga mara moja machozi yananitoka. Na kuiacha siwezi, maana mwaka huu vicheche wenye kichaa cha mbwa wanaingia mpaka zizini mchana kweupe, na mtu aliyeshika ndoo mbili hawezi kubeba bunduki ndefu. Risasi za dukani zote zinarusha mkono. Wewe ndiye uliyejaza risasi za ukoo huu mezani kwako, ganda, baruti na kichwa, tangu sijazaliwa. Nijazie nyepesi, mjomba. Baruti gani inafaa, hiyo ni kazi yako kuamua. Mimi nataka tu iwe laini.

Mpwa wako,
Ardis


Cold Bar, Idaho
29 Machi 1987

Ardis mpwa wangu,

Marahaba, mama. Simu ni chombo cha watu wenye haraka, na mimi sina ninakokwenda. Andika tu.

Mimi mzima. Mto umejaa, na magogo yanapita chini ya daraja usiku kucha, ingawa mimi kelele zake sizisikii. Habari kubwa ya hapa ni ya jirani yangu Merle. Mbwa wake amemtafunia meno ya bandia. Meno yote, ya juu na ya chini! Sasa Merle anakula uji na mbwa anacheka. Nimemwambia ambadilishie mbwa sahani, kwani ndiye mwenye meno.

Pole kwa mkono. Umefanya vyema kuniuliza kabla ya kumuuliza mtu wa dukani, ambaye angekuuzia lolote lililojaa vumbi. Kuchagua baruti ya risasi nyepesi si jambo la kukurupukia. Baruti inayowaka polepole haifai, maana kichwa cha risasi kinakwisha kutoka mtutuni yenyewe bado inajiuliza iwake au isiwake. Unataka ya haraka. Nazo ninazo mbili hapa rafuni. Moja ni ya kopo jekundu, nzito, chembe ndogo ndogo. Unaweka kidogo tu, inafunika kitako cha ganda, na kazi imekwisha. Nyingine ni ya kopo la kijani, nilipewa bure na hata bure ilikuwa ghali. Imevimba kama pumba, inajaza ganda karibu na mdomo, inakwama kwenye kipimio na kuuacha mtutu mweusi. Mimi ni mtu wa kopo jekundu. Kopo moja unalitumia mpaka ulichoke. Marehemu Verna alikuwa akiniita mkono wa birika, na sikubishana naye.

Nyekundu ina hatari moja, na nakwambia ili ujue unachopigia. Kwa kuwa kipimo ni kidogo, ganda linaweza kumeza vipimo viwili na lisionyeshe dalili yoyote. Hiyo ikipigwa, rivolva inapasuka, na anayeishika anaondoka na vidole alivyojaliwa. Ndiyo maana mimi napanga maganda hamsini kwenye kibao cha matundu, natia baruti yote, kisha napita na tochi nikichungulia ganda moja moja kabla ya kuweka kichwa. Redio nimezima. Mtu akigonga mlango, agonge. Miaka arobaini na moja, Ardis, na sijawahi kukosea hata moja.

Januari barabara ilikuwa mbaya. Mei nitakuja. Dada yangu Ragna ndiye aliyenilea mama yetu alipokuwa mgonjwa, na nitasimama pale kaburini hata kama ni kwa magoti. Merle anakwenda kwa binti yake anayekaa mjini Bismarck, huko kwenu, mwanzoni mwa Mei. Atakuletea maboksi mawili mimi nikiwa nyuma yake.

Mjomba wako,
Halvor


Kirkelie
20 Mei 1987

(Hii sikuituma. Iko kwenye droo ya vitambaa. A.)

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi naanza palepale.

Jana asubuhi nilitoka na rivolva nyuma ya ghala kujaribu risasi zako, nikitia tano tano. Kumi na moja za kwanza zilikuwa kama dawa. Mkono haukuuma hata kidogo. Ya kumi na mbili ilitoa sauti ya kizibo cha chupa. Nikaanza kuvuta tena, Mjomba, kidole kilikuwa tayari kimeanza, ndipo nikasikia sauti yako ya mwaka 1955 ikisema, "Ukisikia mlio mdogo, simama, hata kama dubu anakuja." Nikasimama. Kichwa cha risasi kilikuwa katikati ya mtutu. Ganda halikuwa na baruti hata chembe. Fataki ya kitakoni peke yake ndiyo iliyokisukuma mpaka hapo. Ningepiga ya kumi na tatu juu yake, leo ningekuwa naandika kwa mkono wa kushoto, kama ningekuwa naandika.

Duane alikitoa kwa fimbo ya shaba. Kisha tukakaa mezani. Zilibaki themanini na nane. Kuzipima kwa mizani hakusaidii, maganda yenyewe hayalingani uzito, wewe ndiye uliyenifundisha. Basi tulizing'oa vichwa zote, moja moja, kwa ile nyundo yako ya zamani yenye uwazi wa kushika risasi ikigongwa, nikamwaga baruti ya kila ganda kwenye karatasi nyeupe. Duane alipiga, mimi nikamwaga. Chungu ndogo, chungu ndogo, chungu ndogo. Kwenye boksi la pili, ganda la thelathini na kitu, chungu ilikuwa mara mbili.

Uliruka ganda moja, na jingine ukalipa mafungu mawili. Na tochi hukupita nayo. Au ulipita nayo na hukuona. Au ulisahau kwamba hujapita.

Duane akasema, "Mwambie." Nikamwambia, "Nimwambieje?" Akasema, "Mwambie tu, Ardis, kabla hajamuua mtu." Nikalia, na hasira ikanipanda, si kwako wala kwa Duane. Mama alianza hivyohivyo. Alianza kwa kutia chumvi kwenye kahawa ya kanisa, na sisi tukacheka na kuinywa.

Jumamosi tulimzika. Merle alikuwapo, alikuja kutoka kwa binti yake na tai shingoni. Wewe hukuja. Nilimuuliza Merle, naye akaangalia viatu vyake akasema, "Muulize mwenyewe, dada." Basi nakuuliza


Kirkelie
21 Mei 1987

Mjomba Halvor,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri na Duane amemaliza kupanda ngano ya upande wa kaskazini.

Mama tumemzika Jumamosi. Kulikuwa na upepo lakini jua lilitoka. Akina mama wa kanisa walileta mikate ya viazi na kila mmoja akataka nile wake. Tulikukumbuka.

Maboksi yamefika, ahsante sana. Nimejaribu chache na mkono hauniumi kabisa. Ila nilikuwa nawaza, mjomba, ile baruti ya kopo la kijani. Mimi sijali mtutu ukichafuka, nina muda wa kusafisha. Huoni kwamba ingefaa zaidi kwa risasi nyepesi? Nimesikia watu wakiisifu. Ukijaza nyingine, ungejaribu hiyo?

Tena, kwenye vifuniko umeandika Aprili; hizi za Aprili umempa nani mwingine? Nauliza tu.

Wako,
Ardis


Cold Bar, Idaho
14 Juni 1987

Ardis mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mto umeshuka, na samaki wanaonekana. Habari kubwa ya hapa ni ya Merle. Mbwa wake amemtafunia meno ya bandia, ya juu na ya chini! Nimemwambia ambadilishie mbwa sahani. Yeye hacheki, lakini ni kwa sababu hana meno.

Nani amekutia maneno ya kopo la kijani? Ni Duane? Mwambie Duane alime. Mtu ambaye hajawahi kujaza hata risasi moja anakaa Dakota ananifundisha baruti. Ile pumba mimi siitumii. Ungeniambia nitie unga wa mahindi ningekuelewa zaidi. Nimejaza kwa nyekundu kabla wewe hujaota meno, na umesema mwenyewe mkono hauumi, sasa unataka nini? Kitu kikiwa kizuri watu hawaachi kukichokonoa.

Nimempa nani, unauliza. Nimempa anayestahili. Yote yako kwenye daftari.

Sikuja Mei kwa sababu gari lilikuwa na hitilafu. Limeshatengenezwa.

Msalimie ~~mama yako na umwambie~~ Duane.

Usisome hapo nilipofuta. Kalamu ilitangulia.

Halvor


Kirkelie
30 Juni 1987

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kama nilikuudhi. Duane hakusema neno, maskini; anakusalimu. Ngano imeshika, na kama mvua ya mawe itatupita tutapata kitu.

Meno ya Merle yametuchekesha.

Nitakwambia ukweli ambao niliona haya kukwambia. Risasi zako zinaniuma mkono. Nilisema haziumi kwa sababu hukustahili kuambiwa vinginevyo baada ya kazi yote ile. Kopo jekundu linasukuma kwa ghafla mno kwangu. Daktari anasema vyuma vinaweza kulegea. Rafiki yangu mmoja hapa ana mkono mbovu kama wangu na anatumia ile ya kopo la kijani. Anasema inasukuma taratibu, kama mtu anayekufungulia mlango.

Najua huipendi. Najua ni kama kumwomba mchungaji ahubiri kwenye kanisa la wenzake. Lakini mimi ndiye wa mwisho aliyebaki wa nyumba ya Ragna, na ninakuomba. Nijazie boksi moja tu kwa ile ya kijani, maganda hamsini. Na kabla ya hapo usijaze nyingine zozote kwa nyekundu, mjomba, hata za kwako. Nifanyie hivyo mimi.

Ukimaliza niandikie ilikwendaje.

Ardis


Cold Bar, Idaho
23 Agosti 1987

Ardis,

Umeniandikia Juni na sasa Agosti inakwisha. Si kwamba sikuwa na stempu.

Nilikubishia wiki mbili kichwani mwangu, kisha nikashusha kopo la kijani. Nikapanga maganda hamsini kwenye kibao. Nikazima redio. Nikaanza kutia, nikiisemea ile pumba maneno ambayo Verna asingependa. Mstari wa tatu, baruti ikamwagika juu ya mdomo wa ganda, ikatapakaa mezani. Nikalaumu kipimio. Nikakifungua, nikakisafisha, nikakirudisha, nikaendelea. Mstari wa nne ikamwagika tena. Hapo nikasema ni mkono wangu umetetemeka. Mstari wa tano ikamwagika mara mbili.

Nikaweka kipimio chini. Ganda lile haliwezi kumwagika kwa kipimo kimoja, Ardis. Linamwagika kwa viwili. Mara nne nilitia baruti mahali nilipokwisha kutia, na mara zote nne ningekuapia mbele ya kanisa kwamba sijapagusa. Nilitazama meza ile mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikawaza: kama ingekuwa ile nyekundu, ningeona nini? Nisingeona kitu. Ningeweka vichwa na kuandika kwenye daftari kwamba kazi imekwenda vizuri.

Kisha nikatoa barua zako. Nazitunza zote. Tarehe 21 Mei umeandika, kwa mwandiko wako, "mkono hauniumi kabisa." Tarehe 30 Juni unasema unauma. Wewe hujui kudanganya, hukujua hata ulipokuwa na miaka saba na mdomo umejaa sukari yangu. Hakuna rafiki mwenye mkono mbovu. Ulinitegea kopo la kijani ili lenyewe liniambie.

Nimekasirika siku tatu. Sasa sijakasirika.

Nami nina langu. Gari halikuwa na hitilafu, wala Januari barabara haikuwa mbaya. Januari niliogopa tu. Niliogopa kumuona Ragna kwenye sanduku na kujua njia aliyopita. Mei nilitoka kweli. Nilivaa suti. Nilifika Missoula, mji ambao nimeupita mara mia, nikasimama kujaza mafuta, na nilipotoka dukani sikujua nilikuwa natoka wapi wala nakwenda wapi. Nilikaa garini muda wa saa sita. Msichana mmoja wa kituo cha mafuta alikuta kadi yenye namba ya nyumbani kwa Merle mfukoni mwangu, akapiga, na mke wa Merle akampigia mumewe huko kwa binti yao. Merle ndiye aliyemtuma mpwawe anichukue. Nilimwapisha Merle asiseme.

Sasa niambie. Kwenye maboksi yako mawili zilikuwa ngapi? Usinionee huruma.

Halvor


Kirkelie
31 Agosti 1987

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, na mavuno yamekwisha.

Zilikuwa mbili. Moja tupu, moja maradufu. Ile tupu niliipiga; kichwa kikakwama mtutuni nami nikasimama kabla ya kuvuta tena, kwa sababu ulinifundisha kusimama. Ile maradufu tuliikuta mezani tulipong'oa zote. Sikuumia. Hakuna aliyeumia.

Nilipaswa kukwambia Mei. Niliandika nikaficha. Nilishindwa, mjomba, sina neno jingine. Nilimwona mama akiambiwa kila siku kwamba amekosea, kwa upole, kwa ukali, kwa mzaha, na kila mara uso wake ukawa mdogo zaidi. Nikaona wewe bora uambiwe na baruti.

Lakini kwa kunyamaza kwangu miezi mitatu imepita. Ulijaza ngapi siku ile? Ziko wapi? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi sasa. Nijibu haraka, hata kwa kadi. Kisha funga nyumba uje ukae nasi. Chumba cha mama kina jua la asubuhi.

Ardis


Cold Bar, Idaho
27 Septemba 1987

Ardis mpwa wangu,

Marahaba. Daftari linasema tarehe 11 Aprili nilijaza maboksi sita. Mawili yako. Matatu yalikuwa rafuni. Merle na mimi tumeyang'oa yote, na tukakuta nyingine moja maradufu. Merle alikaa chini sakafuni. Alisema, "Halvor, mzee, mimi nilikuwa nichukue hilo boksi Julai."

Hayo ni matano. La sita daftari linasema "Kwa", na baada ya hapo hakuna kitu. Niliandika "Kwa" na nikainuka. Labda mtu aligonga mlango na mara hii nikafungua.

Nimekwenda nyumba zote za Cold Bar. Nimekwenda kanisani, posta, kwa kinyozi, na kwa yule mjane anayefuga kuku. Nimesimama mbele ya watu ninaowajua tangu vita na kuwauliza, "Je, nilikupa risasi?" Wengine wanasema hapana. Wengine wanasema, "Mwaka gani, Halvor? Umetupa kila mwaka." Polisi wa wilaya alikuwa mpole, akaandika, akanipa kahawa. Tangazo liko kwenye mlango wa duka.

Mashine ya kubania vichwa kwenye maganda na kila kitu cha mezani Merle amechukua. Kopo jekundu nililimwaga bustanini kama watu wanavyofanya, likageuka mbolea. Kazi ile nimeiacha, na usinipe pole. Ile ndiyo kazi pekee niliyokuwa nikiifanya vizuri kuliko baba yenu, na sasa imekwisha.

Kuja kwako siwezi mpaka boksi lile lipatikane. Usinibembeleze. Watu wote wa bonde hili wanapiga shabaha uwanja mmoja, juu ya machimbo ya kokoto, nao hufunguliwa Jumamosi na Jumapili. Merle ananipeleka asubuhi kwa gari langu na kuondoka na funguo, ninakaa ndani yake getini, na kila anayeingia namwomba anionyeshe boksi lake. Vijana wananicheka. Mmoja ameniita bibi harusi kwa sababu nasalimia kila gari. Sawa. Kila mlio wa kwanza ukitoka huko ndani, na milio hiyo nasikia kwa kifua kuliko masikio, nangoja kama kuna mtu atakayepiga kelele.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike. Jumapili iliyopita nilikaa pale mpaka saa nne, kisha nikajikuta sijui nafanya nini pale. Nikaona watu wananitazama, nikaona haya, nikatembea kwa miguu kurudi nyumbani. Magari mangapi yalipita sijui.

Barua zetu tumeanza siku zote kwa salamu, na habari za ndama, na hali ya hewa. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nimeipenda desturi hiyo maana ilinipa mahali pa kujificha. Safari hii usianze hivyo. Andika kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa ninazoweza kusoma, kwa nini nimekaa pale. Na lile la Ragna liandike pia, maana wiki iliyopita nilimuuliza Merle habari zake na nikamwona anatafuta maneno. Nitaibandika kwenye usukani.

Mjomba wako,
Halvor


Kirkelie
4 Oktoba 1987

HALVOR BREKKE, SOMA HAPA KWANZA.

UMEKAA GETINI KWA SABABU KUNA BOKSI MOJA LA RISASI ULIZOJAZA TAREHE 11 APRILI, NA HATUJUI ULIMPA NANI. NI BOKSI LA BLUU LENYE MWANDIKO WAKO KWENYE KIFUNIKO. NDANI YAKE HUENDA KUNA GANDA LENYE BARUTI MARADUFU.

MTU AKIJA NALO, ASIPIGE HATA MOJA. MWAMBIE HIVYO HATA AKICHEKA. USILIFUNGUE. MPE MERLE.

USIONDOKE KWA MIGUU. MERLE ATAKUJA SAA KUMI. NI KAZI YA KWELI, NAWE UNAIFANYA VIZURI.

RAGNA AMEFARIKI. TUMEMZIKA MEI. ULITOKA NYUMBANI KUJA, NA SISI TUNAJUA.

Shikamoo, mjomba. Sisi hatujambo. Theluji ya kwanza ilianguka jana, nyepesi, ikayeyuka kabla ya mchana. Duane amekubali kwenda kwa daktari wa mgongo. Ndama tumeuza wote isipokuwa mmoja. Nitakuja kwa basi tarehe ishirini na nne nikae nawe getini.

Ardis

Merle ataandika hapa:
LIMEPATIKANA TAREHE ..............................